Reli Iliyopita Kwenye Mindimu

Ami yangu, mdogo wake marehemu baba, hakuumbwa kukaa. Alipoacha biashara yake ya vipuri vya magari, wenzake wa umri wake walianza kushinda kwenye mabaraza ya kahawa wakilalamikia magoti. Yeye akaagiza reli.

Hazikuwa reli mpya. Zilikuwa reli nyembamba za shamba la mkonge, kule Tanga, alikozaliwa yeye na baba, na mimi pia. Babu alikuwa na duka katika shamba lile, akiwauzia wafanyakazi unga, sabuni na mafuta ya taa, na mbele ya duka ndipo kilipopita kitreni kinachobeba majani ya mkonge kupeleka kiwandani. Shamba lilipokufa, reli zikang'olewa ziuzwe kama chuma chakavu. Ami akasikia, akapanda ndege, akaziwahi. Alinunua na kichwa cha treni, kidogo kama pikapu, cha dizeli, kimeoza kutu, pamoja na vigari vyake. Makontena yalishukia Sohar, huku Uarabuni tulikohamia, maana bandari yetu ya Mutrah siku hizi ni ya meli za watalii. Mkewe alipoyaona yakifunguliwa shambani kwao Sib, aliuliza swali moja tu:

"Na mkonge wenyewe uko wapi?"

Tukacheka. Wengi wetu tulidhani ni maradhi ya uzee, yatapita. Hayakupita. Mafundi wa gereji za mtaa wa Ghala wakakitengeneza kile kichwa mpaka kikanguruma, ami akakipaka rangi ya kijani kama alivyokikumbuka, na pamoja na marafiki zake wachache akalaza njia ndogo kuzunguka mitende ya shamba lake. Siku za mapumziko alitupakia kwenye vigari vilivyowekwa mabenchi, akatuzungusha. Wageni walikuja na watoto wao, wakapiga picha, wakanywa kahawa, wakarudi mjini. Kwa mtu mwingine ingetosha. Lakini ami alikuwa akisimama pale njia ilipogusa ukuta wa shamba, mikono nyuma, anautazama ukuta kama mtu aliyefungiwa mlango.

"Treni haizunguki," aliniambia siku moja. "Treni inakwenda mahali. Hii yetu ni pembea."

Mahali alipopataka ni kwenye sabla, ile nyumba ya mikutano ya mtaa wao wa zamani, penye uwanja na mwembe mkubwa wa kuegeshea magari. Watu wapandie pale, alisema, wapite mashamba, wafike mitendeni. Akatangaza kwa jamaa na marafiki kwamba anataka watu wa kujitolea, kila Jumamosi, kuanzia joto la kiangazi linapopungua hadi majira ya baridi yaishe. Ijumaa haikufaa: sisi tuna sala yetu, na Wakenya waliojiunga nasi wana kanisa siku hiyohiyo, kwa vile ndiyo siku ya mapumziko huku.

Mimi sikwenda kujitolea. Nilikwenda kupeleka chakula. Nafanya kazi wizarani, Al Khuwair, kazi ya kiti na meza, na nyumbani kwangu Madinat Sultan Qaboos kuna mtumishi wa bustani. Jembe nilikuwa sijalishika tangu utotoni. Nikafika na sufuria la biriani, nikawakuta wanahangaika na reli moja. Walikuwa wanaume wa kila namna: mstaafu wa jeshi, mwalimu, wahasibu wawili, fundi wa viyoyozi kutoka Mombasa. Na mwanamke mmoja, nesi wa Kikenya, mzaliwa wa Voi, ambaye baba yake alifanya kazi ya reli maisha yake yote. Alikuwa amevaa suruali ya kazi na kofia ya jua, na kati ya wote ni yeye tu aliyeinama kwa magoti badala ya mgongo.

Wakainua. Kila mtu aliinua kwa wakati wake. Upande mmoja ukapanda, mwingine ukabaki chini, mstaafu wa jeshi akaachia, na reli ikaanguka ikagonga ncha ya buti lake. Buti lilikuwa la chuma ndani, Mungu kamsitiri. Ami akaanza kufoka, kila mtu akamlaumu mwenzake, kwa Kiswahili, kwa Kiarabu, kwa vyote viwili.

"Wanahitaji mtu wa kuita," yule nesi akaniambia. Mimi nilikuwa nimesimama karibu naye na sufuria langu. "Kwetu gengi la reli haliinui bila mwitaji. Mum, wewe unaweza?"

"Mie? Niite nini?"

"Chochote. Bora kiwe na mwendo."

Nikakumbuka. Si maneno, maneno yalikuwa yamenitoka zamani, nilikumbuka sauti. Asubuhi, mbele ya duka la babu, wanaume wakirudisha kigari kilichotoka njiani, mmoja anaita na wengine wanapokea, na mama akisema ndani, "Wamekwisha anza." Nikaweka sufuria chini. Kazini kwangu watu husema nina sauti ndogo, kwenye mikutano huniomba nirudie. Nikafungua kinywa, na kwa kuwa akili yangu yote ilikuwa kwenye biriani, ndicho kilichotoka:

"Wali umeiva!"

"Haya!" akapokea nesi, peke yake.

"Na nyama ndani!"

"Haya!" Sasa walikuwa watatu, wanne.

"Asiyeinua!"

"Haya!"

"Atakula ukoko!"

Reli ikapanda kama unyoya. Wakatembea nayo, mguu wangu mguu wako, wakailaza juu ya mataruma, yale machuma mapana yanayolala chini kushika reli mbili zisiachane. Halafu ndipo wakaangua kicheko. Fundi wa viyoyozi akapaza sauti, "Lakini ukoko ndio mtamu, mama!" Ami hakucheka. Alikwenda garini kwake, akarudi na glavu.

"Zivae," alisema. "Chakula atapakua mwengine."

Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye gengi. Jumamosi zilizofuata nilijifunza kumwaga kokoto na kuzishindilia chini ya taruma kwa ncha ya mtaimbo, kukaza nati kwa spana ndefu kuliko mkono wangu, kutazama kipovu cha pima maji kitulie katikati. Usiku mwili ulinikaza hata kugeuka kitandani nikawa nasema bismillahi. Mume wangu aliniuliza nalipwa nini. Nikamwonyesha viganja. Akavishika, akasema, "Mashallah, vya mkulima," na tangu hapo yeye ndiye aliyekuwa akinichemshia chai kabla sijatoka.

Tukaubomoa ukuta sehemu, tukatoka nje ya shamba la ami, tukaenda vizuri mpaka tulipofika kwa jirani.

Jirani alikuwa mama mtu mzima, mjane, Mwarabu wa hapohapo ambaye hajawahi kupanda meli wala ndege kwenda kwetu. Alikuwa na kisima, na upande wa pili wa kiwanja chake alikuwa na safu za mindimu, na kati ya kisima na mindimu ulipita mfereji wa saruji uliopeleka maji. Njia yetu ilibidi ikate pale pale, juu ya ule mfereji. Hapakuwa na pengine. Kulia kuna nyumba, kushoto barabara. Ami alikwenda kumwomba akakataliwa. Akatuma jamaa, wakakataliwa. Siku ya tatu akanituma mimi, kwa kuwa ni mwanamke na Kiarabu changu kimenyooka kuliko chake.

Nilimkuta ameketi nje kwenye kiti cha plastiki, barakoa usoni, ile ya kitambaa wanayovaa wanawake wazee wa huku, fimbo mapajani. Akanikaribisha kama inavyopasa: tende, kahawa, khabari za watoto, khabari za afya. Nikasubiri mpaka kikombe cha pili.

"Khalti," nikamwambia, kama waitwavyo huku wanawake wa rika la mama, "nimekuja kwa ajili ya ile njia ya reli."

"Najua. Wewe Zinjibari?"

"Sisi ni watu wa Tanga, khalti. Bara."

"Kote ni kulekule," akasema, na sikuona ubaya ndani yake. "Sikiliza, binti yangu. Barabara ile pale unaiona? Walipokuja kuijenga, yule mkandarasi alikaa hapo ulipokaa wewe. Alikula tende zangu. Akasema, mfereji tutaukata, halafu tutakupitishia bomba chini. Wakaukata. Barabara ikaisha, wakaondoka. Nilikuwa na mindimu upande ule. Sasa unaona nini?"

Nikatazama ng'ambo ya barabara. Palikuwa na mchanga na visiki.

"Nilibeba maji kwa ndoo mpaka mgongo ukakataa," akasema. "Hii iliyobaki, marehemu bwana alipanda kwa mkono wake. Mwambie ami yako treni yake ni nzuri. Naisikia. Lakini hapa haipiti."

Ningeahidi nini ambacho yule mkandarasi hakuahidi? Nikaaga, nikarudi kwa ami na kumsimulia yote. Aliyasikiliza akiwa amesimama.

"Nitakwenda kwa sheikh wa mtaa," akasema. "Yeye atazungumza naye. Hawezi mtu mmoja kuzuia jambo la kheri la watu wote."

"Ami, usiende."

"Kwa nini nisiende?"

"Kwa sababu atakubali kwa haya, si kwa moyo. Na kila tukipita pale tutakuwa tumepita kwa nguvu. Hebu tumpitishie maji kwanza. Kabla ya reli. Kabla hata ya kokoto. Akiona maji yanakwenda, aseme mwenyewe. Akikataa, tumeshamtengenezea jirani mfereji, basi."

Aligeuka mwekundu. "Watu wanaamka alfajiri kuja kujenga reli. Wewe unataka niwaambie wachimbe mitaro ya mindimu? Na pengine bure?"

"Nitawaambia mimi."

"Waambie! Mie simo."

Akaingia ndani, akafunga mlango. Nilikuwa sijawahi kumpinga ami maishani mwangu; kwetu mdogo wa baba ni baba. Lakini Jumamosi ile nilisimama mbele ya gengi nikaeleza mambo kama yalivyo, pamoja na visiki vya ng'ambo ya barabara. Wahasibu walitazamana. Mmoja alisema ana shughuli nyumbani, akaondoka, na hakurudi mpaka kazi ya maji ilipokwisha. Sikumlaumu. Nesi wa Voi akachukua sururu.

"Baba yangu alikuwa akituambia reli inaharibiwa na maji kuliko treni," akasema. "Kwa hivyo hii pia ni kazi ya reli. Tuanzie wapi, mum?"

Nikaenda kwa yule mama kumwomba ruhusa ya kuchimba tu. Nikamwambia hatutamgusia mfereji wake wa sasa mpaka bomba jipya liwe limepitisha maji mbele ya macho yake. Akafikiri. "Chimbeni," akasema. "Nitakaa hapa natazama."

Na kweli alikaa. Tulichimba kando ya mfereji wa zamani, ardhi ngumu kama tofali, mawe ya wadi, ule mto mkavu, yakigonga sururu na kuruka. Adhuhuri ilipofika yule mama alituma sinia la wali na samaki wa kukaanga, kubwa hata likabebwa na watu wawili, na ndimu zilizokatwa zimepangwa kwenye ukingo. Tulikula tumekaa chini kivulini, waliosali wamesali, na kila mmoja alikamua ndimu zile kwenye samaki.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa tumeshusha bomba mtaroni tukitaka kulifukia, ndipo tukasikia pikapu. Ami. Alishuka, akafika ukingoni, akatazama chini.

"Jembamba hilo," akasema. "Litaziba kwa majani mwaka mmoja tu."

Nyuma ya pikapu yake palikuwa na bomba jingine, pana, zito, la kustahimili uzito wa treni juu yake, na vichujio viwili vya kuweka kwenye midomo yake. Alikuwa ameshakwenda dukani, ameshachagua, ameshafunga kamba. Hakuniangalia. Akavua kanzu, akabaki na fulana na shuka yake kiunoni, akaingia mtaroni, umri wake ule, akaanza kuliongoza bomba kwa mikono.

"Ita basi," akaniambia. "Unangoja nini?"

Nikaita.

Siku ya kujaribu, yule mama aliwasha pampu mwenyewe. Tukasimama pande mbili za ule mtaro tulioufukia, gengi zima. Maji yakaingia mdomo wa bomba, yakapotea. Tukangoja. Upande wa pili kukatoka kwanza upepo, halafu tope, halafu kitu kama kikohozi, na maji ya matope yakamwagika, yakaendelea, yakaanza kung'aa. Yakatiririka kwenye vijifereji vya mindimu. Yule mama akajiinua kwa fimbo yake, akayafuata, polepole, mti kwa mti, mpaka safu ya mwisho. Akainama akatia mkono ndani, akabaki hivyo. Nesi alinishika kiwiko.

Aliporudi alikwenda moja kwa moja kwa ami.

"Njia yako hiyo," akamwambia. "Lakini treni isimame mlangoni kwangu."

"Mama, pale si stesheni," ami akasema.

"Basi ifanye stesheni."

Ami akacheka, kicheko cha tumbo, nilikuwa sijakisikia tangu kufa kwa baba. "Kheri, inshallah," akasema. "Stesheni."

Kazi niliyoipenda kuliko zote ni ile ya kupita mindimuni. Palikuwa na kona pale, na reli iliyonyooka haipindi kwa kuombwa. Tuliibana ncha moja, tukaivuta nyingine kwa mitaimbo, wote kwa pamoja, kidogo kidogo, ami akiwa amelala kifudifudi ardhini jicho moja limefumbwa, akitazama kama mkunjo umekaa sawa. "Bado! Bado! Hapo!" Mimi naita, wao wanapokea. Na katikati ya kupokea nikasikia sauti ngeni, nyembamba, inatoka kwenye kiti cha plastiki:

"Hayya!"

Nikageuka. Yule mama alikuwa akipiga fimbo yake chini.

"Neno letu hilo," akasema, kama anayeuliza tumelipata wapi.

"Letu sote, khalti," nikamjibu. Akanitaka nimfasirie na maneno mengine, nikamfasiria, wali, nyama, ukoko na yote. Alicheka mpaka akalazimika kuinua barakoa kufuta macho.

Tulipofunga kiungo cha mwisho, mbele ya sabla, nesi alimpigia baba yake simu ya video. Mzee alikuwa ameketi nje ya nyumba yake huko Voi, na kuku nyuma yake. Hakutusalimu sana, alitaka kuona. Binti akapitisha simu juu ya reli, kwenye kokoto, kwenye viungo. "Sogeza. Rudi nyuma. Hapo simama." Tukangoja wote, hata ami, kama wanafunzi. "Nani alifunga hiyo?" mzee akauliza. Binti akanielekezea simu usoni. Nilikuwa na vumbi mpaka kwenye kope.

"Mama," mzee akasema, "hapo hata mimi ningepitisha treni yangu."

Nimepata barua za shukrani wizarani, zenye mihuri, na moja imewekwa kwenye fremu. Hakuna iliyonitia fahari kama sentensi ile.

Siku ya kufungua hatukumwalika mtu mkubwa. Walikuja majirani, jamaa zetu kutoka mjini, Wakenya na kwaya yao nzima, na wahasibu wote wawili. Treni ilitoka mitendeni ikipiga honi, ikavuka pengo la ukuta, ikaingia kwenye kona bila kuyumba, na mbele ya lango la yule mama ikasimama. Alikuwa tayari, amevaa nguo za Idi. Tukampandisha benchi la mbele. Treni ikapita juu ya maji yake, na yeye akachungulia chini upande wa kulia, akachungulia upande wa kushoto, akatulia. Kwenye sabla watu walikuwa wamejaa, kahawa imeshawekwa.

Kwenye mwisho wa njia hapakuwa na mahali pa kugeuzia, kwa hiyo wakati wa kurudi ilibidi treni irudi kinyumenyume, kichwa kikisukuma mabehewa. Maana yake mtu lazima akae mbele kabisa, kwenye behewa la kwanza, atazame njia, kwa kuwa dereva haoni. Marafiki wa ami wawili walisogea. Yeye akapita katikati yao, akaninyooshea bendera.

"Wewe," akasema.

Nikakaa. Mbele yangu hapakuwa na kitu ila reli mbili, zimelala kama tulivyozilaza, na kokoto nilizoshindilia, na kule mbele majani ya mindimu yanang'aa. Wenzangu wa gengi walikuwa wamesimama kando ya njia, kila mmoja karibu na kipande alichokifanyia kazi, bila kupangiwa na mtu. Nyuma nikamsikia ami, sauti yake imepanda juu ya injini:

"Njia iko wazi?"

Nikainua bendera.

"Iko wazi, ami!" nikajibu, kwa sauti ambayo wizarani hawaijui, na tukaanza kwenda.